Saa za Mzazi Hazipimi Elimu ya Mtoto

Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilipeleka bungeni muswada wa ustawi wa watoto na shule. Muswada ulivyoletwa uliitaka kila halmashauri iweke daftari la watoto wasiosoma shuleni, na mzazi anayemsomesha mtoto nyumbani ataje jina la kila anayemfundisha pamoja na muda ambao mtoto hufundishwa na kila mmoja wao. Kuweka daftari ni haki, kwa kuwa serikali inapaswa kujua watoto wa nchi yake walipo. Kudai saa ni kosa. Kosa hilo linawagusa zaidi watoto wadogo wanaosomeshwa kwa mtaala wa majira uliotokana na shule za Waldorf, ambao masomo yake hayakatwi vipindi.

Shule ya kwanza ya Waldorf ilifunguliwa Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919. Emil Molt, mkurugenzi wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, alimwomba mwanafalsafa Rudolf Steiner aongoze shule ya watoto wa wafanyakazi wake. Steiner alifundisha kwamba katika miaka 7 ya kwanza mtoto hujifunza kwa kuiga, kwa kucheza na kwa kutumia mikono, na kwamba kusoma na kuandika kungoje mpaka meno ya utotoni yaanze kung'oka. Wazazi wa Uingereza, Marekani na kwingineko wameuchukua utaratibu huo na kuutumia nyumbani, wengi wao bila kufuata imani zote za mwanzilishi.

Mwaka wa mtaala huu huendeshwa na mambo yanayotokea nje ya nyumba. Nchini Uingereza, Septemba watoto huchuma tufaha na matunda meusi ya miibani, hupika jamu, na tarehe 29 huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli. Novemba 11, siku ya Mtakatifu Martin, hutembea gizani wakiwa na taa za karatasi walizozitengeneza wenyewe. Wakati wa Majilio, matawi mabichi hupangwa sakafuni kwa mzunguko, na kila mtoto hutembea taratibu hadi katikati kuuwasha mshumaa wake uliochomekwa kwenye tufaha. Baridi ikipungua hupandwa mbegu, na Juni 24 ni zamu ya Mtakatifu Yohana. Ndani ya nyumba huwa na meza ndogo ya majira, ambayo hubeba majani makavu, mbegu za mwaloni au maua, kulingana na mwezi.

Wiki nayo ina mwendo wake: siku ya kuoka mkate, siku ya kupaka rangi za maji kwenye karatasi iliyoloweshwa, siku ya kufinyanga nta ya nyuki, siku ya bustani. Hadithi moja husimuliwa bila kitabu kwa wiki nzima au zaidi, mpaka mtoto aijue kwa ghibu. Shule za Waldorf zipo pia Nairobi na Dar es Salaam, ambako theluji haianguki. Huko mtaala wa majira una maana pale tu unapoandamana na masika, vuli na mavuno ya mahali penyewe. Ukinakili kalenda ya Ulaya, unampa mtoto majira asiyoyaona.

Wanaotaka mzazi abanwe wana hoja tatu. Ya kwanza ni usalama. Katika majira ya kupukutika majani ya mwaka 2024, watoto wapatao 111,700 walihesabiwa kuwa wanasomeshwa nyumbani nchini Uingereza, na wapo wachache ambao nyumba kwao ni mahali pa mateso. Sara Sharif, mtoto wa miaka 10, aliuawa mjini Woking Agosti 2023, miezi michache baada ya baba yake kumwondoa shuleni kwa madai ya kumsomesha nyumbani.

Hoja ya pili ni kuchelewa kusoma. Udongo uwahi ungali maji, na mtoto asiyejua herufi akiwa na miaka 6 anaonekana ameachwa nyuma. Lakini utafiti wa Sebastian Suggate na wenzake wa New Zealand, uliochapishwa mwaka 2013, uliwalinganisha watoto walioanza kufundishwa kusoma wakiwa na miaka 5 na wenzao wa shule za Steiner, yaani za Waldorf, walioanza wakiwa na miaka 7. Walipofika umri wa takriban miaka 11, hapakuwa na tofauti ya ufasaha wa kusoma kati ya makundi hayo mawili, na walioanza baadaye waliwapita wenzao kidogo katika kuelewa walichosoma. Nchini Finland shule huanza mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 7.

Hoja ya tatu inahusu Steiner mwenyewe na shule zake. Maandishi yake yana madai ya kiroho yasiyothibitika na mawazo kuhusu mbari yasiyokubalika. Tena mwaka 2018 na 2019 ofisi ya ukaguzi wa shule, Ofsted, ilizipa daraja la chini kabisa shule tatu za Steiner zilizogharamiwa na serikali, za Exeter, Bristol na Frome. Hayo ni kweli. Ni kweli pia kwamba wakaguzi waliyagundua makosa ya shule hizo kwa kuingia madarasani, kuwatazama watoto na kuuliza maswali. Hawakuyagundua kwa kujumlisha saa.

Hapo ndipo palipo kiini cha jambo lote: saa hazisemi lolote kuhusu elimu ya mtoto wa miaka 5 au 6. Siku ya mkate inatosha kulithibitisha hilo. Asubuhi mtoto anapima unga na maji, na hiyo ni hesabu. Anakanda, na vidole vitakavyoshika kalamu baadaye vinapata nguvu. Unga unapoumuka anasikiliza hadithi ya punje ya ngano, naye anaisimulia tena kwa maneno yake, akijenga lugha ambayo bila hiyo hakuna kusoma. Anafua kitambaa, anapanga sahani kwa idadi ya watu, anakula, anaimba shukrani. Baba alikuwa amewasha jiko, mama alikuwa anasimulia, nyanya alikuwa mezani. Je, ni saa ngapi zilikuwa za elimu, na ngapi ziandikwe kwa jina la nani? Mzazi akiandika 12 hajadanganya, maana mtoto alijifunza kutwa nzima. Akiandika sifuri hajadanganya pia, maana hapakuwa na kipindi hata kimoja. Swali linaloruhusu majibu hayo mawili kwa siku ile ile halina kazi.

Isitoshe, hakuna kipimo cha kuilinganisha namba hiyo. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996 kinamtaka mzazi ampe mtoto elimu ya kutwa, yenye ufanisi na inayofaa umri, uwezo na kipaji chake, shuleni au kwa njia nyingine. Mwongozo wa wizara ya elimu wa mwaka 2019 unakiri kwamba mzazi anayesomesha nyumbani halazimiki kuwa na ratiba wala saa maalumu. Basi halmashauri itakusanya takwimu ambayo sheria haijaiwekea kiwango. Ofisa asiye na kiwango ataazima cha shule, na shule za serikali zinatarajiwa kuwa na wiki ya saa 32.5. Saa hizo zinajumuisha chakula cha mchana, mapumziko na kuitwa majina, katika darasa ambalo sheria inaruhusu watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Kuzilinganisha na saa za mtoto aliyekaa na mzazi wake na ndugu zake wawili ni dhuluma.

Kwa muswada ulivyoletwa, mzazi asiyetoa taarifa, au anayetoa isiyo sahihi, anajiweka kwenye njia ya amri ya kumrudisha mtoto shuleni, na kuikaidi amri hiyo ni kosa la jinai. Kwa hiyo mama mwaminifu, anayeogopa kukosea namba ambayo haiwezi kupatikana, ataacha kuoka mkate na kuanza kujaza karatasi za mazoezi, kwa sababu karatasi huhesabika. Sheria iliyotungwa kwa jina la ustawi wa mtoto itakuwa imemnyang'anya mtoto elimu yake ili ofisa apate cha kuandika.

Na mtesaji je? Huyo ataandika saa 25 bila kusita, na fomu yake itakuwa safi kuliko zote. Sara alifahamika kwa idara ya ustawi wa jamii tangu alipozaliwa. Miezi michache kabla ya kifo chake shule iliona alama za majeraha ikatoa taarifa, na faili likafungwa ndani ya siku chache. Hakukosa hesabu ya saa. Alikosa mtu mzima mwenye mamlaka wa kumwona na kuchukua hatua. Kulitumia jina la mtoto huyo kuhalalisha safu ya saa kwenye fomu ni kumkosea mara ya pili.

Kinachofaa kinajulikana na kinawezekana. Daftari libaki na jina la mtoto, anwani na wazazi wake. Ofisa anayeijua elimu ya awali amtembelee, aongee naye, amsikie akisimulia, atazame michoro yake, bustani yake na mikono yake. Mzazi naye aeleze kwa maandishi mafupi mwaka wake umekwendaje, msimu kwa msimu. Mtoto akifikisha miaka 7 mafunzo ya herufi yaanze kwa dhati, na asiyesonga mbele achunguzwe mapema kama ana disleksia au tatizo la macho, kwa sababu kuchelewa kwa makusudi hakupaswi kuwa kisingizio cha kupuuza. Madai hayo ni mazito kuliko saa, na mzazi makini atayatimiza. Kipengele cha saa kiondolewe.