Msiseme Biashara

Wateja wangu hapa Majengo huniuliza Mpemba nimefuata nini Songea, mji wa baridi, mbali na bahari. Miaka yote nimejibu: biashara. Nauza khanga na vitenge, kwa hiyo jibu linaaminika. Lakini si jibu la kweli.

Nilizaliwa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba. Tulikuwa na bonde la mpunga, si kubwa, ila lilitulisha. Kisha maji ya bamvua yakaanza kuvuka mikoko. Mwanzo yaligusa ukingo tu, na mvua za masika zikaiosha chumvi. Baadaye yakawa yanarudi kabla ardhi haijapona. Mpunga ulichipua vizuri, ukafika magotini, kisha ukaungua ukiwa umesimama. Minazi ya ukingoni ikabaki magogo. Mama alipanda tena misimu mitatu. Wa nne hakutoa mbegu. Kaka akaenda Tanga kuvua. Mimi nikapanda boti Mkoani, na kutoka Dar es Salaam basi likanileta huku kupitia Makambako na Njombe.

Sisemi sisi hatuna kosa. Mikoko tuliikata wenyewe, kwa kuni na kuchomea chokaa. Lakini bahari inapanda dunia nzima, na moshi unaoipandisha haukutoka kwenye tanuri zetu za chokaa.

Tuvalu, visiwa vya Pasifiki vyenye watu kama elfu kumi ambavyo navyo vinatishiwa na bahari hiyo, ilitia saini mkataba na Australia mwaka 2023: Watuvalu hadi 280 kila mwaka wanaruhusiwa kuhamia huko. Hao wanajulikana idadi yao na kinachowahamisha. Sisi tunahama ndani ya nchi yetu bila viza, na kwa hilo namshukuru Mungu. Ila ndiyo maana hatuonekani. Aliyefukuzwa na chumvi anaandikwa mchuuzi, na huko nyuma bonde lake linaonekana limetelekezwa na mvivu. Nani atalijengea tuta?

Watendaji wa mitaa, mgeni akija kujiandikisha, muulizeni pia kilichomtoa kwao, mkiandike. Nanyi ndugu zangu wa visiwani mlio Songea, Tunduru, Mbeya na kwingineko: mkiulizwa, msiseme biashara. Semeni shamba liliingia maji chumvi, na mlitaje bonde kwa jina lake.