Buda, Budha Alifika Huku Kitambo

Huku Kayole kila msee ni buda. Niaje buda, buda niokolee na soo. Lakini taja Budha mwenyewe uone venye watu watakuangalia, ni kama umejiunga na iluminati.

Nasema ju ilinipata. Nilipoacha campo, kichwa ilijaa kelele. Nikaanza kupanda juu ya ploti asubuhi, nakaa kati ya kamba za nguo dakika kumi, nafunga macho, nasikiliza pumzi yangu. Basi, hakuna kingine. Jirani akaambia mathe nimeingia dini ya Wachina. Jumapili hiyo nikapelekwa mbele nitolewe mapepo.

Kwanza, si ya Wachina. Siddhartha Gautama alizaliwa Lumbini, Nepal ya leo, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Inasemekana alikuwa mtoto wa mfalme, akaacha ikulu aende kutafuta kwa nini binadamu anateseka. (Sisi wa kuacha campo tuheshimiwe kidogo.) Karne ya 3 kabla ya Kristo, Mfalme Ashoka wa India alichoka na damu ya vita vya Kalinga, akaanza kueneza mafundisho hayo. Yakafika Sri Lanka. Wachina waliyapata baadaye, yakiletwa na watawa na wafanyabiashara wa Njia ya Hariri. Hata kwao ilikuwa dini ya wageni!

Na hapa kwetu? Dar es Salaam kuna hekalu la Wabudha lililoanzishwa na watu wa Sri Lanka enzi za mkoloni, karibu miaka 100 iliyopita. Wakati huo Kayole haikuwa hata na ploti moja.

Halafu kuna Mganda, Steven Kaboggoza. Alienda India 1990 kusoma biashara, akakutana na watawa kutoka Thailand. Mwaka wa 2002 akawa mtawa, akaitwa Bhante Buddharakkhita. 2005 akaanzisha kituo cha Wabudha karibu na Entebbe. Watu waliona vazi lake na bakuli lake wakadhani ni mganga. Lakini mamake mzazi baadaye naye akawa mtawa.

Mimi bado ni Mkristo, na siambii mtu abadilishe dini. Ninachosema ni hiki: Uislamu ulikuja na jahazi, Ukristo ukaja na meli. Kila moja iliitwa ya wageni siku ya kwanza. Kwa hivyo "hiyo si yetu" haitoshi kuniita shetani. Niulize kama siku hizi napigia mathe kelele. Sipigi.

Mathe bado hajakubali. Lakini juzi alipanda kuanika nguo akanipata nimekaa. Akaweka beseni chini polepole, akanizunguka, hakusema kitu.

Wewe je? Ungekuwa jirani, ungesema nini?