Landrover Hilo Tulikague Kwanza, Hela Baadaye

Ndugu wanachama wa ushirika,

Siku hizi kisimani, mashineni na kilabuni habari ni moja tu: Landrover. Kila mtu ameshasikia kwamba mjini Dodoma linauzwa Landrover 109 la mwanzoni mwa miaka ya 1980, rangi yake bado inang'aa, na eti limetembea maili 31,000 tu. Mwenye nalo anataka shilingi milioni 14, na kabla ya Jumamosi apewe milioni 4 za kulishikilia. Mkutano Mkuu nao ni Jumamosi hiyo hiyo. Basi tunatoa maoni yetu mapema hapa ukutani. Anayejua kusoma asome, na asiyejua asomewe na mwenzake.

Kwanza tuseme ukweli wetu. Sisi wa kamati tulipokwenda kuliona tulifurahi kama watoto. Tulipanda, tukapiga honi, mmoja wetu akaomba apigwe picha ameshika usukani. Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama chini ya gari. Hilo ni kosa letu na tunajisahihisha hapa hadharani.

Hatupingi kununua gari. Shida tunaijua wote. Zabibu hazingoji. Zikishakatwa na kukaa juani siku mbili, mnunuzi anatupangia bei anayotaka yeye. Na masika, makorongo yakijaa, mama mjamzito anabebwa kwa baiskeli. Lakini hizo milioni 14 ni makato ya misimu mitatu ya zabibu na alizeti za wanachama 212. Wapo wajane humo. Hela hiyo ikipotea hatuna nyingine.

Jamani, nani hapa kwetu ananunua ng'ombe wa jembe mnadani bila kumfungua mdomo, kumshika kwato na kumtembeza? Hata Msalato muuzaji akisema "huyu hajalima hata siku moja, ana nguvu zote", sisi tunauliza: kwa nini hajalima? Swali hilo hilo tuliulize Landrover.

Tuiangalie hesabu. Maili 31,000 ni kama kilomita 50,000. Gawa kwa miaka 40 na ushee, haifiki maili 800 kwa mwaka. Sisi tulioanza kusoma ukubwani tunajua: kuitambua tarakimu ni jambo moja, kujua inasema nini ni jambo lingine. Huenda ni kweli gari limelala. Huenda waya wa spidomita ulikatika zamani na gari likaendelea kutembea bila kuhesabiwa. Au huenda mashine imezunguka. Ile ya magari hayo ina tarakimu tano za maili. Ikifika 99,999 inarudi sifuri. Kwa hiyo 31,000 yaweza kuwa 131,000. Tutajuaje? Tutazame mpira wa pedali ya klachi na ya breki, kiti cha dereva, usukani, bawaba za mlango. Pedali iliyolika mpaka chuma haikulika kwa maili 31,000. Tena tuombe daftari la matengenezo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na gari nalo ni mali.

Haya, tuseme hesabu ni ya kweli. Bado si salama. Gari linachoka kwa kutembea, na linaugua kwa kulala. Mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani, silinda za magurudumu zikashika kutu na kuganda. Sili za injini na gia boksi hukauka zikapasuka, ukiwasha tu mafuta yanavuja. Petroli ya zamani hugeuka ulimbo kwenye kabureta. Panya hutafuna nyaya. Tairi huonekana jipya kwa kuwa halijalika, kumbe limekauka na kupasuka ubavuni. Tairi za tangu mwaka 2000 zina tarakimu nne ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ikisomeka 1409, tairi hilo ni la mwaka 2009, hata kama limepakwa dawa likang'aa.

Na wengine mnasema "Landrover haliozi". Ni nusu ya ukweli. Bodi yake nyingi ni ya aluminiamu, haishiki kutu. Lakini chasisi ni ya chuma, nayo huoza kimya kimya huko chini huku juu kunapendeza.

Mfano hauko mbali, uko Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga pale. Mitambo mipya ilikuwa adimu baada ya vita, wakanunua trekta zilizobaki vitani, nyingine kutoka Ufilipino. Kabla mwaka haujaisha, zaidi ya nusu ya trekta hizo zilikuwa zimesimama. Lengo la mwaka huo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata sehemu ya kumi. Hatusemi ni trekta peke yake, hata ardhi ile ngumu na ukame vilichangia. Lakini mpango ulifutwa mwaka 1951, na zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea. Serikali ile ilikuwa na hela ya kupoteza. Ushirika wetu hauna.

Na sisi wenyewe tuna Kongwa yetu ndogo. Mwaka 2009 tulinunua injini ya mashine ya kusaga kwa mtu aliyeapa kwamba haijatumika. Ilisaga siku kumi na moja. Leo kuku wanatagia juu yake.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi:

1. Tupate fundi wetu wenyewe, nauli na posho yake tulipe sisi. Fundi aliyeletwa na muuzaji anakula kwa muuzaji.

2. Namba ya chasisi na ya injini zilinganishwe na kadi ya gari, na umiliki uthibitishwe TRA. Anayeuza awe ndiye mwenye jina kwenye kadi.

3. Fundi aingie chini na nyundo ndogo, agonge chasisi yote. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kibuyu na kumwaga kutu.

4. Tufike asubuhi bila taarifa, tuguse injini. Ikiwa ya moto, mtu ameshaiwasha kuficha ugumu wake. Kama imelala siku nyingi, kwanza izungushwe polepole kwa hendeli. Kisha tutazame moshi: wa bluu inakula oili, mweusi petroli imezidi, mweupe usiokoma maji yanaingia. Oili ikiwa kama maziwa, turudi nyumbani.

5. Lipakiwe magunia ya mchanga na lijaribiwe njia ya kwetu, si lami ya mjini. Lishuke korongo, lipande, lifungwe breki mteremkoni. Breki ikivuta upande mmoja au pedali ikizama, asipande mtu.

6. Kila kitakachoonekana kibovu kiandikwe, kipigiwe bei, kikatwe kwenye hizo milioni 14.

Wapo watakaosema tukichelewa litanunuliwa na wengine. Sawa, na linunuliwe. Muuzaji mkweli haogopi nyundo wala mchanga. Akikataa gari lake likaguliwe, ametujibu bila sisi kulipa hata senti.

Jumamosi mtaulizwa: tutoe milioni 4 au tusitoe? Msimamo wetu ni kwamba isitoke hata shilingi mpaka ripoti ya fundi isomwe mbele ya wanachama wote. Gari hilo litabeba zabibu zetu, lakini litabeba na wake zetu kwenda kujifungua. Tusiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Njooni wote, na mseme.

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Tawi,
kwa niaba ya wenzake