Kabla ya Kusema Amekataa Dawa

Mgonjwa wa akili akirudishwa hospitalini mara ya tatu au ya nne, neno la kwanza huwa lile lile: amekataa dawa. Jamaa hulitamka kwa uchovu, faili huandikwa hivyo, na mjadala unaishia hapo. Ajabu ni kwamba friji ya zahanati ikiharibika, hakuna anayesema mwenye kisukari amekataa insulini.

Tuitazame safari yenyewe. Anayezidiwa Kakuma, kaunti ya Turkana, hupelekwa Lodwar, kilomita 120 hivi. Huko wakishindwa, atatafutiwa nafasi Eldoret, katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, au Mathari, Nairobi, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910. Akitulia hupewa dawa za mwezi mmoja kwenye vibahasha vilivyoandikwa 1×2, na tarehe ya kliniki. Mwezi ukiisha, nauli yake na ya msindikizaji, kwenda na kurudi, inaweza kumeza mbuzi mzima. Huenda boma nalo limeshahama kufuata malisho. Zahanati ya karibu ina panadol na dawa za malaria. Za akili, wataambiwa wakanunue kemisi. Mkimbizi wa kambi ya Kakuma ana kikwazo kingine: hatoki kambini bila kibali cha kusafiri.

Halafu kuna njaa, ambayo haiandikwi kwenye cheti cha rufaa. Baadhi ya dawa hizi huamsha hamu ya kula kupita kiasi, nyingine hulegeza mwili. Katikati ya 2025, baada ya wafadhili kubana mikono, mgao wa chakula Kakuma ulishuka hadi takriban asilimia 28 ya kiwango kamili. Mtu anayemeza kidonge kinachomdai chakula kisichokuwepo, kisha akakiacha, simwiti mkaidi.

Sindano ya kila mwezi ingepunguza shida hii, maana haihitaji kukumbuka vidonge kila siku. Lakini sindano hizo, hasa za zamani ambazo ndizo rahisi kwa bei, huwakakamaza wengine shingo na kuwatetemesha mikono. Ipo dawa ndogo ya kutuliza madhara hayo, Artane. Ikikosekana Artane, mgonjwa huikimbia sindano, na wiki chache baadaye anarudi wodini amefungwa kamba.

Wapo wanaosema tiba ni kujenga: wodi kubwa ya akili Lodwar, vitanda vya kutosha, watu wasipelekwe mbali. Hoja yao ina uzito. Mahali pasipo na wodi, aliyechafukwa huishia seli ya polisi au kufungwa mtini, na mwaka 2017 Mkaguzi Mkuu wa Serikali alikuta huduma za akili katika hospitali 29 tu kati ya 284 za ngazi ya nne na kuendelea. Hata hivyo wodi humpokea mtu akiwa ameshaanguka. Bila dawa Lokichoggio, Kalobeyei na Lokori, vitanda vipya vitajazwa na sura zile zile.

Njia ya kuzifikisha dawa huko ipo. Sheria ya Afya ya Akili ilivyorekebishwa mwaka 2022 inazitaka kaunti ziwe na mabaraza ya afya ya akili na zihudumie watu ndani ya jamii. Mwaka uliofuata serikali iliwatuma vijijini wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000, wakiwa na mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari. Wahudumu hao wanajua nani kahama na nani kaanza kukosa usingizi. Wanajua pia nani kapelekwa kwa emuron, yaani mganga wa jadi wa Waturkana, jambo ambalo silioni kuwa dhambi, maana emuron yuko karibu na hadai nauli.

Bunge la kaunti likijadili bajeti Lodwar, ningependa swali la kwanza lisiwe vitanda vingapi. Waulize ni zahanati ngapi zilimaliza mwaka bila kuishiwa sindano na Artane, na nani alimfuata mgonjwa aliyekosa kliniki moja.