Meza ya Karani: Mvumbuzi na Aandikishe Kwanza, Asimulie Baadaye

Msomaji mpendwa, juma hili nataka tuongee habari ya ukungu. Sisemi ule ukungu wetu wa Ikuti, ushukao asubuhi kutoka milimani hata usiuone mgomba ulio mbele ya mlango wako. Nasema ukungu mdogo wa dawa, utokao katika chombo na kuvutwa kwa pumzi na mgonjwa wa pumu. Tena habari yenyewe si ya udaktari. Ni habari ya karatasi, kwa maana mimi ni karani.

Mwezi wa Juni alikuja ofisini kijana mmoja, fundi wa redio na simu. Baada ya shikamoo na marahaba akaweka juu ya meza yangu kitu kilichofungwa katika kitambaa. Akasema, “Mwalimu, nakuomba uniandikie barua nipate meza Nane Nane, pale uwanja wa John Mwakangale, Mbeya. Nataka watu wote wakione.”

Akafungua kitambaa. Kilikuwa chombo kidogo, chenye kikombe cha dawa, betri ya simu, na kibati cha duara kama sarafu. Alipobonyeza kitufe, ukatoka ukungu mweupe bila kelele yo yote. Dada yake mdogo ana pumu, na kila majira ya baridi hupakiwa bodaboda usiku kupelekwa hospitali. Huko hutiwa kwenye nebulaiza, ile mashine ya pampu inayounguruma, na pampu ile yataka umeme. Umeme ukikatika nyumbani, mashine ya namna ile haifai kitu. Basi kijana akaazimu kutengeneza nyingine, ya kutumia betri.

Nilimwuliza, “Je, umekwisha kuiandikisha?”

Akajibu, “Niandikishe nini, mwalimu? Kwanza waione, waipende, ndipo niandikishe.”

Hapo nikaiweka kalamu chini. Kijana alidhani uvumbuzi huuzwa kama mkungu wa ndizi, kwamba mnunuzi auone kwanza ndipo mpatane bei. Lakini uvumbuzi si ndizi. Ukiwaonyesha watu wote kabla ya kuuandikisha, waweza kuupoteza siku ile ile, wala hapana mwizi utakayemshitaki.

Ndugu msomaji, yafaa tujue hataza ni nini. Hataza ni hati ya serikali impayo mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze wala kuuza kitu chake bila ruhusa yake, kwa muda uliowekwa. Naye kwa upande wake hana budi kueleza siri yake yote kwa maandishi, hata fundi mwingine akisoma aweze kukitengeneza. Ni mapatano: yeye atoa elimu, serikali yampa ulinzi. Muda ukiisha, kitu huwa cha watu wote.

Zamani za Mwingereza, hataza iliyoandikishwa Tanganyika ilipaswa kwanza iwe imetolewa Uingereza. Sheria yetu wenyewe ya hataza ni ya mwaka 1987. Siku hizi mtu wa Tanzania Bara aweza kupeleka maombi yake kwa BRELA, au kwa ARIPO, shirika la nchi za Afrika lenye makao yake Harare. Shirika hilo lilizaliwa kwa mkataba uliotiwa sahihi Lusaka mwaka 1976, na Itifaki ya Harare inayohusu hataza ni ya mwaka 1982. Tanzania imo katika itifaki hiyo tangu mwaka 1999.

Maombi yakifika, hutazamwa kwanza kama karatasi zimetimia: maelezo, michoro, muhtasari, na madai. Kisha huja mchunguzi. Watu wengi hudhani mchunguzi huuliza kama kitu ni kizuri, au kama mvumbuzi ana akili. La. Huuliza maswali matatu. Je, kitu hiki ni kipya? Je, fundi wa kawaida wa kazi hiyo asingeweza kukifikia kwa urahisi kutokana na vilivyokwisha kujulikana? Je, chaweza kutengenezwa na kutumika kazini?

Swali la kwanza ndilo linalowaangusha wengi. Upya hapa maana yake si upya Ikuti, wala si upya Tanzania. Ni upya duniani. Mchunguzi hupekua hataza za Marekani, za Japani, za Ulaya, na magazeti ya wataalamu. Likionekana jambo lile lile popote lilipochapishwa kabla ya siku ya maombi yako, shauri limekwisha. Tena sikia neno hili vema: hata maneno yako mwenyewe yaweza kukushitaki. Ukikionyesha chombo hadharani, au ukikieleza gazetini, ndipo uombe hataza, mchunguzi aweza kukuambia, “Kitu hiki si kipya, kwa kuwa wewe mwenyewe umekwisha kukitangaza.” Itifaki ya Harare yasamehe maonyesho yaliyotambuliwa rasmi, kama maombi yakipelekwa kabla miezi sita haijapita. Lakini usiutegemee msamaha huo, maana nchi nyingine zina sheria zao, na si kila maonyesho yametambuliwa.

Basi sikuandika barua ya Nane Nane. Jioni mbili tulikaa na simu yake, tukisoma hataza za zamani. Kuzisoma ni bure, na kila mtu aweza. Kiingereza chake ni kigumu, lakini michoro husaidia sana.

Kwanza tulitaka kufahamu kile kibati. Kipo kitu kiitwacho fuwele ya umeme. Ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka 1880 kwamba fuwele za namna fulani zikibanwa hutoa umeme. Nayo kinyume chake ni kweli pia: ukizipa umeme hujinyoosha na kujikunja. Ukiupeleka umeme na kuurudisha upesi, fuwele hutetemeka. Pete ya fuwele hiyo ikishikamanishwa na bati jembamba lenye matundu madogo mno, bati hupiga dawa iliyo nyuma yake, na kila tundu hutoa matone madogo. Kampuni ya Aerogen ya Ireland yasema bati lake lina matundu 1000, nalo hutetemeka mara 128,000 kwa sekunde moja.

Na udogo wa matone ndiyo kazi yenyewe. Tone la dawa likizidi mikroni tano hivi, hukwama kinywani na kooni. Likiwa kati ya mikroni moja na tano, laweza kushuka mapafuni. Unywele wa mtu una unene wa mikroni sabini hivi, basi tone hilo ni dogo kuliko unywele mara kumi na zaidi.

Kijana alifurahi kufahamu haya, lakini furaha yake haikukaa. Tuliona hataza ya Marekani ya mwaka 1985, ya kampuni ya Matsushita ya Japani, ya mdomo wa kurushia matone unaotetemeshwa kwa fuwele ya umeme. Tukaona ya mwaka 1992, ya Yehuda Ivri, nayo ilikuwa ya mtambo wa kuchapia maandishi, wino ukirushwa kwa mtetemo wa kasi kubwa. Tena tukaona ya mwaka 1996, ya Ivri huyo huyo na mwenziwe Cheng Wu, ya chombo cha kupeleka dawa ya maji katika njia ya pumzi.

Kijana akashika kichwa. “Mwalimu, wameniibia kabla sijazaliwa!”

Nikamwambia, “Hawakukuibia, mwanangu. Walikutangulia.”

Tazama sasa, msomaji, jinsi swali la pili lilivyo gumu. Wino ni wino na dawa ni dawa. Je, fundi aliyeona mtambo wa kurusha wino kwa mtetemo angefikia kwa urahisi chombo cha kurusha dawa? Mmoja atasema ndiyo, tone ni tone. Mwingine atasema la, mapafu yataka matone ya udogo mwingine, dawa yataka usafi, na mgonjwa havuti pumzi kama karatasi ipitavyo mtamboni. Hapo ndipo mchunguzi na mvumbuzi huandikiana barua, huyu akipinga na huyu akijibu, pengine miezi mingi. Kupingwa mara ya kwanza si kushindwa. Ni kuulizwa ueleze vizuri zaidi kazi yako ni ipi na ya wenzako ni ipi.

Na jambo hilo huelezwa katika madai. Madai ni mipaka ya shamba. Sisi wa Rungwe twajua shauri la mipaka, maana ardhi ni haba na kila mgomba una mwenyewe. Kijana wetu alikuwa ameandika katika daftari lake: “Nadai kila chombo chenye wavu unaotetemeka na kutoa ukungu.” Hilo ni shamba kubwa mno. Amewafungia ndani wa Japani na wa Marekani pamoja na nyumba zao. Mchunguzi atalikataa kwa mstari mmoja.

Nikamwambia apunguze. Akapunguza kupita kiasi, akaandika matundu ni mangapi, kikombe ni cha plastiki ya rangi gani, na skurubu ni tatu. Hilo nalo ni kosa. Jirani atatia skurubu nne, apite kando ya mpaka wako akikucheka. Madai mema hushika lile lililo jipya kwa kweli, yakaacha yote yaliyo ya wengine, wala yasijifunge kwa mambo yasiyo na maana.

Basi tukatafuta lile jipya. Wavu si wake. Fuwele si yake. Betri si yake. Niliona uso wake ukizidi kuanguka. Ndipo nikamwuliza juu ya kipande kimoja kidogo ambacho sikukiona katika mchoro wo wote tuliousoma. Akasema, “Ah, hicho si kitu, mwalimu. Nilikitia kwa sababu ya shida fulani ya dada yangu.” Tukarudi kutafuta tena, usiku mzima wa pili, wala hatukukiona kwa mtu. Lile alilolidharau ndilo lililobaki mkononi mwake.

Ni kipande gani? Msomaji, hapo sikuambii. Wala shida yenyewe sikuambii, maana ukiijua shida utabahatisha dawa yake. Karatasi zake bado zimo katika kasha langu, michoro yatakiwa kusafishwa, na maombi hayajapelekwa. Nikieleza leo katika gazeti hili, nitakuwa nimemfungulia mchunguzi mlango wa kumkatalia. Mimi niliambiwa kwa siri, na siri hiyo nimeiahidi. Yakikubaliwa au yakikataliwa sijui, lakini yasikataliwe kwa ajili ya ulimi wangu.

Hata hivyo nitakupa maneno machache ya kukusaidia wewe uliye na kitu chako katika karakana au jikoni.

Mosi, andika kila siku ulichokifanya, kwa tarehe, wala usikionyeshe hadharani mpaka maombi yamepokewa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Wawili wakivumua kitu kimoja, kwa kawaida hataza ni ya yule aliyetangulia kupeleka maombi.

Pili, ukikwisha kupeleka maombi ya kwanza, una miezi kumi na miwili ya kupeleka katika nchi nyingine zilizo katika Mapatano ya Paris ya mwaka 1883, na siku yako ya kwanza itahesabiwa. Basi wakati huo wa kuonyesha unao.

Tatu, kitu kidogo usikidharau. Sheria yetu inayo hati nyingine kwa uvumbuzi mdogo. Hiyo yataka kitu kiwe kipya na chenye kutumika tu, wala hailiulizi lile swali gumu la pili.

Nne, hataza za wengine zisikutishe. Hataza ina nguvu katika nchi ilimoandikishwa tu, na muda wake ukiisha kila mtu ni huru. Ile ya mwaka 1996 muda wake umekwisha. Kijana aweza kuisoma kama kitabu cha shule na kujifunza kwayo.

Tano, na hili ni la roho ya mtu: hataza si ruhusa ya kutibia. Mchunguzi wa hataza haulizi kama chombo ni salama. Hilo ni shauri la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kibati kilichotoka katika chombo cha kulowesha hewa ya chumba hakikutengenezwa kwa mapafu ya mtoto. Nilimwambia kijana hivyo mbele ya mama yake, naye aliahidi kwamba dada yake hatavuta kitu kutoka kikombe kile mpaka wenye kazi yao wakipime. Mpaka siku hiyo, ni hospitali, hata ikiwa usiku, hata ikiwa mvua.

Nane Nane ilipofika alikwenda Mbeya mikono mitupu. Aliporudi akaniambia kwamba alitembea mabanda yote, akatazama vitu vya wenzake, na mara tatu mdomo ulimwasha aseme, “Hata mimi ninacho.” Akanyamaza, akanunua muhogo wa kuchoma, akapanda gari kurudi Ikuti.

Nilimpa mkono. Kisha tukalitoa kasha, tukaendelea na mchoro wa tatu.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.