Timu Ikishindwa, Shabiki Aende Wapi?

Methali isemayo akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki sote tunaijua. Tumeiandika katika insha tangu shule ya msingi, na mwalimu akatupa alama. Lakini tukifika uwanjani tunaiacha langoni. Timu ikishinda utasikia, "Tumewafunga!" Ikishindwa utasikia, "Wamefungwa tena." Sikiliza vizuri siku ya mechi, utaona jinsi "tu" inavyogeuka kuwa "wa" kabla hata refa hajapiga kipenga cha mwisho.

Maoni yangu ni haya: timu inayoshindwa ndiyo inayohitaji mashabiki zaidi, na anayeihama wakati huo huongeza kushindwa kwake. Nitatoa sababu zangu, nawe utazipima.

Nianze na timu ya nyumbani kwetu. Baba ni shabiki wa AFC Leopards, ile inayoitwa Ingwe, yaani chui, nami nimerithi kwake kama wengine wanavyorithi ng'ombe. Klabu hii ilianzishwa mwaka 1964, na katika miaka ya themanini ilikuwa moto wa kuotea mbali. Ilitwaa ligi ya Kenya mara tatu mfululizo, 1980, 1981 na 1982. Tena ikachukua kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mwaka 1982, 1983 na 1984. Hayo yote nimeyapata kwa masimulizi, maana mimi sikuwa nimezaliwa. Baada ya kutwaa ligi mwaka 1998, zaidi ya misimu ishirini ilipita bila kuiona tena. Ilishuka hata daraja, ikarudi ligi kuu mwaka 2009. Kombe la ngao ililoshinda mwaka 2017 lilikuwa kama manyunyu wakati wa kiangazi.

Wavulana wa darasa letu hunicheka. "Kwani wewe hukuona timu nyingine?" Wao ni watu wa Ulaya. Kuna mmoja ambaye tulipokuwa kidato cha kwanza alivaa jezi ya Manchester United. City ilipochukua makombe matatu mwaka 2023, akahamia City. Liverpool iliposhinda ligi mwaka 2025, akanunua jezi ya Liverpool. Nilimwuliza kama kwao wana duka la nguo, akakasirika. Lakini hilo lilikuwa swali la haki. Timu si matatu, ati gurudumu likitoboka unashuka na kudandia nyingine.

Sababu yangu ya kwanza ni ya pesa. Vilabu kama Leopards na Gor Mahia ni vya wanachama, wala si mali ya tajiri mmoja. Tegemeo lao ni kiingilio cha langoni, michango na mfadhili akipatikana. Sasa fikiri. Timu inafungwa, mashabiki wanabaki nyumbani. Langoni hakukusanywi kitu. Wachezaji wanakosa mishahara, walio hodari wanaenda kwingine. Timu inafungwa zaidi, na yule aliyebaki nyumbani anasema, "Mnaona? Niliwaambia." Kumbe yeye mwenyewe amesaidia kuifunga bila kugusa mpira.

Sababu ya pili ni kwamba furaha ya kushinda ina wenyewe. Watazame mahasimu wetu Gor Mahia. Hao mwaka 1987 walileta Kombe la Washindi barani Afrika, ushindi ambao hata sisi wa Ingwe hatuwezi kuukana. Lakini baada ya kushinda ligi mwaka 1995, walikaa miaka kumi na minane bila kuipata, hadi mwaka 2013. Mtoto aliyezaliwa 1995 alipata kitambulisho kabla ya kuona timu yake ikiwa bingwa! Shabana ya Kisii nayo ilishuka daraja mwaka 2006, na ilirudi ligi kuu mwaka 2023. Miaka kumi na saba! Waliokuwa wakienda kuitazama ikicheza ligi za chini siku za jua kali ndio walioijua ladha ya siku ile. Aliyefika baada ya ushindi alikula pilau bila kujua jiko lilikuwa wapi.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema, "Kung'ang'ania timu mbovu ni ujinga. Viongozi wanafuja pesa, mashabiki wanaendelea kulipa." Neno hili lina uzito, sitalipuuza. Lakini kuipenda timu si kuufunga mdomo. Mtoto akileta ripoti mbaya nyumbani, mzazi hamtupi, wala hamsifu. Humkalisha chini, akamwuliza muda wake anautumia wapi. Shabiki wa kweli naye aulize pesa za kiingilio zimekwenda wapi, na siku ya uchaguzi wa klabu apige kura. Aliyehama hana tena haki ya kuuliza. Na anayerusha mawe uwanjani baada ya kufungwa, huyo simwiti mwaminifu hata kama hajakosa mechi miaka kumi. Timu hutozwa faini kwa sababu yake, na kina mama na watoto huogopa kuja tena.

Sasa nirudi hapa shuleni, maana haya sikuyaandika kwa ajili ya Ingwe peke yake.

Timu yetu ya kandanda ilifungwa mabao matano kwa bila muhula wa pili katika mashindano ya kaunti ndogo. Tuliofika uwanjani tuliona. Waliotufunga wanalala shuleni, wana uwanja wenye nyasi na basi lao wenyewe. Sisi ni wa kutwa. Kiranja wa timu yetu hutembea karibu saa nzima kurudi kwao, na akifika kuna ng'ombe wanamngoja. Mazoezi ni Alhamisi tu, kwenye uwanja wenye mteremko, mpira ukitoka unaufuata hadi mtoni. Hao ndio vijana waliosimama mbele ya watu kwa jina letu.

Na sisi tulifanya nini? Kipindi cha pili wengine wetu walivuka upande ule mwingine wakaanza kuimba nyimbo za wageni, wakiwa na sweta zetu mwilini! Jumatatu, baada ya gwaride, wachezaji wakapachikwa jina la "Magunia", ati kila mtu huwajaza. Tangu siku hiyo wawili wameacha timu. Mlinda lango amesema atarudisha glavu. Na sasa linazungumzwa pendekezo kwamba timu ifutwe, fedha zake zinunue karatasi za mitihani ya majaribio, kwa kuwa "hata hivyo hawashindi."

Mimi ni mwanafunzi ninayependa karatasi za majaribio kama mwingine yeyote. Lakini ikiwa jambo linafutwa kwa sababu hatushindi, basi tuwe tayari kufuta mengi. Matokeo yetu ya hisabati tunayajua. Mbona hakuna anayesema hisabati ifutwe? Tunaambiwa tuongeze bidii, tukae na wenzetu wanaoelewa, tuulize mwalimu. Kwa nini vijana hawa wasipewe nafasi hiyo hiyo?

Tena kuna hili. Wengi wetu si nambari moja darasani. Tulikuja shule hii ya kutwa kwa sababu karo ya bweni haikupatikana au alama hazikutosha. Tukizoea kumwacha mtu pindi anaposhindwa, tujue zamu yetu iko njiani. Siku matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yatakapotoka na jina lako likawa chini, utataka nani asimame upande wako?

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Kwanza, jina la "Magunia" likome, na likomeshwe na sisi wenyewe bila kungoja mwalimu wa zamu. Pili, Alhamisi wasiokuwa na safari ndefu tubaki nusu saa tutazame mazoezi. Mpira ukienda mtoni, tuwaletee. Tatu, kabla timu haijafutwa, wachezaji waitwe waulizwe wanahitaji nini. Huenda ni mpira wa pili tu na ruhusa ya kufanya mazoezi siku mbili kwa juma.

Sisemi kwamba tukifanya hivyo tutashinda mwaka ujao. Huenda tukafungwa tena, pengine matatu badala ya matano. Lakini tukifungwa, nataka nisikie shule nzima ikisema, "Tumefungwa." Na mlinda lango wetu, kama unasoma ukurasa huu, tafadhali usizirudishe zile glavu.