Fimbo ya pool iende na mizigo, pampu abaki nayo

Mdogo wangu anapanda ndege kwa mara ya kwanza, Dar es Salaam hadi Mwanza, kwenda kucheza pool. Mama kamfungashia nyumbani Korogwe: fimbo kwenye mkoba wake mrefu, na kwenye kifuko cha pembeni cha mkoba huohuo, pampu yake ya pumu. "Ili visipotee," aliniambia kwenye simu.

Mzazi, fimbo ya pool haiingii na abiria ndani ya ndege, hata ile inayofunguka vipande viwili. Wakaguzi huihesabu kama rungu. Inakabidhiwa kaunta pamoja na begi kubwa. Kijana akifika nayo kwenye ukaguzi wa mwisho, atarudishwa au ataiacha hapo. Uliza shirika mapema kama urefu wake una malipo ya ziada.

Sasa pampu. Mzigo ukishakabidhiwa huugusi tena mpaka utue, na mingine huchelewa kufika. Kifua hakisubiri. Pampu inaruhusiwa ndani, basi ikae mfukoni. Na msiisahau safari ya basi: ukitoka Handeni au Korogwe ni saa kadhaa hadi Dar, vumbi na kiyoyozi kwa zamu, huku begi likiwa kwenye buti.

Mama ameihamisha pampu. Mkoba wa kitambaa hautaikinga fimbo na mabegi ya watu, kwa hiyo kesho anakwenda duka la vifaa vya ujenzi kukata kipande cha bomba la plastiki, na vifuniko viwili.